Nyumba yetu, ardhi ya mwingine: tujadiliane vipi na wanaotaka kujenga fleti?

*Swali: "Baba yangu alijenga nyumba Kisauni, Mombasa, mwaka 1979 kwa ruhusa ya mwenye shamba. Ni nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita. Sisi tunaishi viwili, vinne tumepangisha kwa shilingi 3,500 kila kimoja. Kodi ya ardhi tunalipa shilingi 1,000 kwa mwezi, na risiti nyingi tunazo. Baba alifariki, tumebaki ndugu watano. Mwenye shamba naye alifariki mwaka 2016, na sasa watoto wake wanasema wameelewana na kampuni inayotaka kujenga fleti za ghorofa nane. Kwenye hiyo eka moja tuko nyumba 14. Kuna wakala anapita usiku nyumba kwa nyumba na fomu: shilingi 300,000 kwa kila nyumba, tuhame kwa wiki mbili. Wawili wameshatia sahihi. Wengine ameanza kuwaahidi fleti. Vijana wa mtaa wanasema tuache kulipa kodi, tudai shamba kwa kuwa tumekaa zaidi ya miaka 12. Mimi naogopa tutabaki bila chochote. Tufanye nini?"*

Ndugu yangu, hofu yako ina msingi, lakini nafasi yenu ni bora kuliko mnavyoambiwa na huyo wakala, na ni dhaifu kuliko mnavyoambiwa na vijana. Nitaanza na hao vijana, maana ushauri wao ndio unaoweza kuwaumiza haraka zaidi.

Kweli, Sheria ya Ukomo wa Mashauri ya Kenya inasema mtu aliyekaa kwenye ardhi ya mwingine miaka 12 mfululizo, waziwazi na bila ruhusa, anaweza kuiomba mahakama imtambue kuwa mwenyewe. Maneno mazito hapo ni "bila ruhusa". Baba yako aliingia kwa ruhusa, na kila risiti ya kodi inathibitisha kwamba ruhusa hiyo iliendelea. Kwa hiyo hata miaka 40 na zaidi ya kukaa kwa kulipa kodi haihesabiki katika ile 12. Mkienda mahakamani na dai hilo pekee, wakili wa upande wa pili atatoa risiti zenu wenyewe, na kesi itakuwa imekwisha. Mkiacha kulipa leo mtaongeza kosa la pili, kwa sababu mtampa mwenye ardhi sababu safi ya kuvunja upangaji wenu. Endeleeni kulipa. Wakikataa kupokea, kama wanavyofanya wengi wanapotaka kutengeneza deni, tumeni kwa njia inayoacha alama, iwe simu au benki, pamoja na barua fupi ya kueleza ni kodi ya mwezi gani. Hela ikirudishwa, iwekeni kwenye akaunti moja bila kuigusa na mhifadhi barua zote.

Mlicho nacho nyinyi ni kile tunachokiita hapa Pwani "nyumba bila ardhi". Kwa kanuni ya kawaida ya sheria, kilichojengwa juu ya ardhi ni cha mwenye ardhi. Pwani ina desturi yake: mwenye shamba anakodisha kiwanja, mpangaji anajenga kwa fedha yake, na nyumba inabaki mali yake. Anaweza kuiuza, kuipangisha na kuirithisha, huku ardhi ikibaki ya mwenyewe. Mahakama za Pwani zimeutambua mfumo huu zaidi ya mara moja. Lakini kesi za aina hii huamuliwa kwa ushahidi wa makubaliano: nani alitoa ruhusa, ya kujenga nini, kwa masharti gani. Wenye mashamba wengi walikubali nyumba za udongo na boriti tu, wakakataza za mawe. Kama nanyi mlibomoa udongo mkajenga kwa matofali bila kuuliza, jueni mapema kwamba swali hilo litaulizwa.

Sasa upande wa wakala. Wiki mbili anazowapa hazimo katika sheria. Mwenye ardhi anaweza kusitisha upangaji wa mwezi kwa mwezi kwa kutoa notisi isiyopungua kipindi cha kodi, na huo ndio udhaifu wenu mkubwa ambao sitauficha. Lakini kusitisha upangaji ni jambo moja, na kuwatoa watu ndani ya nyumba ni jingine. Sheria ya Ardhi ya 2012, ilivyorekebishwa mwaka 2016, inamtaka mwenye ardhi binafsi anayetaka kuwaondoa watu wanaokaa bila haki, wakiwemo ambao upangaji wao umesitishwa, atoe notisi ya maandishi ya angalau miezi mitatu. Wakiwa kundi kubwa, notisi itangazwe katika magazeti yasiyopungua mawili yanayosomwa nchi nzima na ibandikwe sehemu zisizopungua tano kwenye ardhi hiyo. Nakala iende kwa naibu kamishna wa kaunti na mkuu wa polisi wa eneo. Anayepewa notisi ana haki ya kwenda mahakamani kabla haijaisha. Hata siku ya kuondolewa ikifika, wanaokuja lazima wajitambulishe na waonyeshe idhini, maafisa wa serikali wawepo, na wenye nyumba wapewe nafasi ya kwanza ya kubomoa wenyewe na kuokoa mabati, milango na mbao zao. Tingatinga la usiku ni uvunjaji wa sheria, hata kama aliyelituma ana hati mkononi.

Kabla ya kuzungumza bei na mtu yeyote, hakikisheni mnazungumza na mwenye ardhi halisi. Chukueni namba ya kiwanja, mfanye upekuzi rasmi kwa msajili wa ardhi. Mtaona jina la mmiliki, ukubwa wa ardhi, na kama iko rehani benki. Kwa kuwa mzee alifariki 2016, yapo mambo matatu ya kutazama. Jina likiwa bado la marehemu, watoto hawawezi kuiuza ardhi kabla mahakama haijatoa hati ya usimamizi wa mirathi na kuithibitisha, ombeni nakala. Likiwa limeshahamishwa, angalieni ni kwa nani: watoto wote, mmoja, au tayari kampuni. La tatu ni wakfu, yaani mali iliyotengwa kwa ajili ya dini, familia au hisani. Hapa kwetu mashamba mengi yaliwekwa wakfu na wazee, na ardhi ya wakfu haiuzwi kama mali ya kawaida. Mara nyingi katika hatua hii hugundulika kwamba "wameelewana na kampuni" maana yake ni makubaliano yenye sharti: kampuni italipa ardhi ikiwa tupu. Likiwa hivyo, hali yenu inabadilika kabisa. Nieleze kwa nini.

Ardhi hiyo ina bei mbili. Ya kwanza ni bei yake ikiwa na nyumba 14 juu yake, ya pili ni bei yake ikiwa tupu. Tuchukue mfano wa kufundishia, maana bei halisi mtaipata kwa mthamini. Tuseme tupu inauzwa milioni 70 na ikiwa na watu ni milioni 45. Tofauti ni milioni 25. Huyo wakala anawapa 300,000 mara 14, yaani milioni 4.2, ili mwenye ardhi na kampuni wagawane milioni 20.8 zinazobaki. Nyinyi hamuuzi ardhi, kwa sababu si yenu. Mnachouza ni nyumba zenu pamoja na kuondoka kwa amani na kwa tarehe inayojulikana. Kuondoka huko ndiko kunakozaa ile tofauti. Tena muda nao una bei. Kampuni iliyokopa milioni 45 kwa riba ya asilimia 15 inalipa milioni 6.75 kwa mwaka, zaidi ya nusu milioni kila mwezi ambao kazi imesimama. Ndiyo sababu wakala ana haraka.

Hiyo haina maana milioni 25 zote ni zenu. Mkishindwa mahakamani mnaweza kupata miezi michache tu na mabati yenu, na wao wanalijua hilo. Kwa hiyo tafuteni sakafu na dari ya bei, yaani kiwango cha chini na cha juu. Sakafu ni gharama halisi ya kuhama. Mwiteni mthamini aliyesajiliwa, mchangishane ada, awape takwimu mbili kwa kila nyumba: gharama ya kuijenga upya leo, na thamani baada ya kupunguza uchakavu. Kampuni itataka kulipa ya pili, nanyi mtaanzia ya kwanza. Kwa mfano, nyumba yenu ikikadiriwa 550,000 baada ya uchakavu, ongezeni asilimia 15 ya usumbufu. Kiwango hicho ndicho serikali inachotumia inapotwaa ardhi kwa lazima. Hakimfungi mtu binafsi, lakini ni kipimo ambacho hakuna wakili atakayekicheka. Hapo mko 632,500. Vyumba vinne vinawapa 14,000 kwa mwezi, na miezi sita ya kutafuta mahali pengine ni 84,000. Ongezeni 40,000 za kubeba vitu na kodi ya kuanzia. Jumla ni 756,500. Dari ni ile tofauti ya milioni 25 ikigawanywa kwa 14, karibu milioni 1.79. Mazungumzo ya haki yanaishia katikati ya hizo mbili. Ukiitazama ile 300,000 kwa jicho hilo utaona haifikii hata kodi ya vyumba vyenu ya miezi 22.

Ahadi ya fleti inahitaji uangalifu kuliko fedha taslimu, kwa sababu hapo ndipo watu wengi hupoteza kila kitu. Kosa la kwanza ni la hesabu. Nyumba ya vyumba sita ni makazi na pia ni kitega uchumi. Ukibadilishwa na fleti moja ya vyumba viwili vya kulala, umepata pa kulala na umepoteza 14,000 za kila mwezi, kisha utaanza kulipia taka, mlinzi, pampu ya maji na lifti. Mkiingia njia hii, afadhali muombe fleti mbili ndogo, moja ya kukaa na moja ya kupangisha, kuliko moja kubwa ya kupendeza. Kosa la pili ni karatasi. Barua ya "kukabidhiwa fleti" si umiliki. Mkataba utaje ghorofa, namba ya fleti na ukubwa wake kwa futi mraba, na useme kwamba kila mmoja atapewa hati yake chini ya Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya 2020. Utaje tarehe ya kukabidhiwa, kodi ya nyumba mtakayokaa wakati wa ujenzi, na faini ya kila mwezi wa kuchelewa.

Kosa la tatu halionekani kwa macho. Kampuni ikishapata ardhi huiweka rehani ili ikope fedha za ujenzi. Ikifilisika, benki ndiyo ya kwanza, nanyi mnapanga foleni nyuma na karatasi zenu. Kinga ni kusajili tahadhari kwenye rejista ya ardhi kabla ya rehani, ile inayozuia ardhi kuuzwa au kukopewa kimyakimya, na kudai barua ya benki inayokubali kwamba fleti zenu ziko nje ya deni. Wakikataa mambo haya mawili, chukueni fedha muachane na fleti.

Njia ya tatu ni kununua ardhi nyinyi wenyewe, na watu huikataa kabla ya kupiga hesabu. Kwa mfano wetu wa milioni 45, kila nyumba ingetoa karibu milioni 3.2, pamoja na ushuru wa stempu wa asilimia 4 ambao kwa ardhi yote ni milioni 1.8, kisha ada za mpima na wakili. Eka ina futi mraba 43,560. Mkitoa njia na nafasi za wazi, kila nyumba ingebaki na takriban futi 40 kwa 60. Wengi wenu hamtaziweza hizo fedha kwa mkupuo, nalijua hilo. Lakini warithi wanaogombana mara nyingi hupendelea mnunuzi asiyewaletea kesi, na malipo ya miaka miwili au mitatu kupitia sacco si jambo geni. Iwekeni mezani hata kama mna shaka, kwa sababu kampuni ikijua kuna mnunuzi mwingine, inasogea. Ipo pia njia ya serikali kununua na kuwapa wakaaji hati, kama ilivyokuwa kwa shamba la Waitiki kule Likoni mwaka 2016. Ile ilikuwa ardhi ya ekari 930 na mgogoro wa siasa nzito uliodumu miaka mingi. Kwa eka moja nisingewashauri mkae mkiisubiri.

Lolote mtakalochagua, haliwezekani mlango kwa mlango. Wakala anakuja usiku kwa sababu nyumba moja haina nguvu, na kila anayeondoka peke yake anawapunguzia bei wanaobaki. Undeni kundi, mlisajili chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022, mchague wajumbe watatu na mwandishi. Andikeni mamlaka yao: wanaweza kuzungumza, hawawezi kutia sahihi, makubaliano yanapita nyumba 11 kati ya 14 zikikubali, mjumbe akipokea chochote pembeni, ameondoka. Dai liwe na kanuni moja, si kiasi kimoja. Nyumba ya vyumba vitatu na ya vyumba sita zikipewa sawa, ugomvi utawavunja kabla kampuni haijafanya lolote. Wale wawili waliotia sahihi msiwatukane. Waombeni nakala ya walichotia sahihi, mumpe wakili. Makubaliano ya haki katika ardhi yanatakiwa kuwa ya maandishi, yenye sahihi na mashahidi. Na kama nyumba ni ya urithi, sahihi ya ndugu mmoja haiwafungi wengine kirahisi. Mara nyingi mkataba mpya wa kundi unaweza kuufuta ule wa kwanza.

Na hapo nigeukie kwenu wenyewe. Nyinyi ni ndugu watano, na nyumba bado ni ya marehemu baba. Kama hamjafungua mirathi, kwa Kadhi au mahakama ya kawaida, fungueni sasa. Kampuni itamlipa yeyote atakayejitokeza, na fedha zikishapita mkononi mwa mmoja, kuzirudisha kwa dada zenu ni kazi ya miaka. Wakumbukeni pia wapangaji wenu wa vyumba. Wao ndio wa kwanza kuhama na wa mwisho kutajwa. Wawekeeni katika dai posho ya kuhama na notisi ya miezi isiyopungua miwili. Hata mazungumzo yanafaidika, maana mtaa wenye kaya zaidi ya 50 zinazosema neno moja hauchukuliwi kama nyumba 14.

Ujenzi wenyewe nao una milango yake. Chini ya Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019, kampuni lazima ipate kibali cha kaunti na iutangazie umma, na kila mwananchi anaweza kuwasilisha pingamizi. Kibali kikitoka na hamkuridhika, mna siku 14 tu za kukata rufaa kwenye kamati ya kaunti ya mipango, kisha Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Leseni ya mazingira ya NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, inapingwa mbele ya Jopo la Kitaifa la Mazingira ndani ya siku 60. Pingamizi la "hatutaki" halina uzito. Andikeni kwa vipimo: je, mtaa una bomba la maji taka, au mashimo ya maji taka ya fleti hizo yatachimbwa futi ngapi kutoka visima mnavyonywa? Gari la zimamoto litapita wapi? Na kama pingamizi ni la kweli, msiliondoe kwa kulipwa. Maji machafu yatawafuata jirani zenu hata nyinyi mkishahama.

Mkifikia bei, hatari ya mwisho iko kwenye malipo. Msikubali cheki ya tarehe ya mbele wala fedha za mkononi. Fedha zote ziwekwe kwenye akaunti ya wateja ya wakili wa kampuni, naye atoe kwa wakili wenu ahadi ya kitaaluma ya maandishi kwamba atazilipa. Wakili akivunja ahadi hiyo anashtakiwa yeye mwenyewe. Mgawanyo wa asilimia 70 siku ya sahihi na 30 siku ya kukabidhi nyumba unawalinda wote. Anayesema "hameni kwanza, mtalipwa ofisini" mwambieni hapana. Risiti za asili na barua za zamani msimkabidhi mtu, toeni nakala.

Mambo matatu hayafai kufanywa bila wakili wa kukaa naye ana kwa ana: kuusoma mkataba kabla ya sahihi, kufungua mirathi, na kujibu notisi. Kwa asiyeweza ada, Kituo cha Sheria kina ofisi Mombasa, na ipo Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria. Mkipata notisi ya miezi mitatu msiiweke kabatini. Wakili apate mwezi wa kwanza wote wa kuandaa ombi la zuio. Na wakija kubomoa bila notisi, mtu mmoja apige picha za nyuso, mashine na namba za magari, na mwingine aende siku hiyo hiyo Mahakama ya Mazingira na Ardhi na wakili kwa ombi la dharura. Bahasha ya kubeba iwe tayari tangu leo: risiti za kodi, cheti cha kifo cha baba, picha za nyumba za ndani na nje, orodha ya nyumba 14 na kaya zake, na nakala ya upekuzi wa ardhi.